Tupeane uzoefu: umeme umekatika, nje barafu tupu, saa za ndani mlizipitishaje?

Kinyozi Mstaafu, Louisville
Wadau salaam. Kila msimu wa baridi wanaingia wageni huku kutoka Dar, Nairobi, Bukavu, Bujumbura, na wote wanaandaliwa kwa ajili ya theluji: koti, mabuti, glavu. Theluji unaisukuma pembeni, maisha yanaendelea. Mimi nataka tuzungumzie ile mvua inayoganda. Juu angani kunakuwa na tabaka la hewa ya uvuguvugu, theluji ikipita hapo inayeyuka na kuwa mvua, lakini karibu na ardhi hewa iko chini ya sifuri. Tone linafika likiwa bado maji, na likigusa tu tawi, waya, ngazi au kioo cha gari, linaganda hapo hapo. Inanyesha pole pole usiku kucha. Barafu ya unene wa nusu inchi inaweza kuuongezea waya wa umeme zaidi ya kilo 200 kati ya nguzo na nguzo, matawi nayo yanauangukia. Mafundi hawafiki haraka kwa sababu barabara yenyewe imekuwa kioo.

Basi unabaki ndani na watoto. Hita haifanyi kazi, intaneti hakuna, na giza linaingia mapema. Orodha za tochi na maji ya chupa zimejaa kila mahali. Ninachokikosa ni habari ya saa zenyewe: watu wetu walikaaje, walifanya nini, nani alimtuliza nani?

Naanza. Kentucky, mwisho wa Januari 2009. Jimbo zima wateja zaidi ya 700,000 walikosa umeme, na gavana akaita kikosi chote cha ulinzi cha jimbo. Sisi tulikuwa vijana wa kiume tunaochangia nyumba, wote tukifanya kazi za zamu ghalani, hivyo tulikuwa tukipishana mlangoni tu: huyu anatoka, yule anaingia kulala. Jiko lilikuwa la gesi, la kuwasha kwa kiberiti, kwa hiyo chai ya tangawizi haikukosa. Mimi nilikuwa nanyoa watu mwisho wa wiki. Mashine haikuwa na moto, nikatoa mkasi na kitana, mmoja akanishikia tochi. Tukaweka sharti: anayekaa kitini ndiye anayesimulia, aanze alikozaliwa mpaka alivyofika hapa, na haruhusiwi kuruka. Mkasi hauna haraka, kichwa kimoja kilikuwa kinamaliza saa nzima na zaidi.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja mkimya sana, tulikuwa tunamjua kama mtu wa kubeba maboksi. Siku ile ndipo tulipojua alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kwamba darasa lake lilikuwa likijaa mpaka watoto wengine wanasikiliza dirishani. Tumeishi naye chini ya paa moja hatujui. Tangu siku hiyo tukawa tunamwita Mwalimu, na hadi leo naye ndiye ninayempigia nikitaka ushauri. Haya, karibuni.

Mama Pacha, Dallas
Asante kwa uzi huu kaka. Yangu ni ya Februari 2021, na wa Texas wote wanaijua. Hapa Dallas ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Gridi ya umeme ya Texas kwa sehemu kubwa inajitegemea, haiwezi kuvuta umeme mwingi kutoka majimbo jirani, na mitambo mingi ya kufua umeme, ya gesi hasa, ikashindwa kwa baridi. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zikazimika. Tuliambiwa umeme utakatwa kwa zamu. Kwetu zamu ilikuja ikakaa.

Kwanza niseme hili kwa herufi kubwa moyoni mwangu: MSIINGIZE JIKO LA MKAA NDANI. Mume wangu alikuwa ameshalibeba kutoka roshani, nikasimama mlangoni. Huko kwetu tunapika kwa mkaa kwenye jiko la uani au penye dirisha la wavu, hewa inapita. Huku nyumba imezibwa kila upenyo. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, unasinzia na huamki. Wiki ile watu wengi sana walikimbizwa hospitali, Houston hasa, kwa mkaa, majenereta na magari yaliyowashwa garajini. Serikali ya jimbo ilihesabu waliokufa kwa dhoruba ile kwa sababu mbalimbali kuwa 246. Jenereta likae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani. Gari ukitaka kulitumia kuchaji simu, litoe nje kwanza.

Sasa habari ya saa. Tulichagua chumba kidogo kuliko vyote, tukaweka magodoro mawili sakafuni, tukatundika mashuka na kanga toka kabati hadi kitandani ikawa hema, tukaziba chini ya mlango kwa taulo. Watu watano ndani ya hema, joto la miili linatosha kabisa kukaa bila glavu. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na yeye ndiye aliyetubeba. Akaanza: "Kitendawili!" Wanangu wakanyamaza. Akawafundisha kuitikia "Tega!" Akawatega, "Kuku wangu katagia miibani." Wamezaliwa hapa, nanasi wanalijua la kopo, limekatwa duara duara. Ikabidi Bibi achore shamba zima la nanasi nyuma ya bahasha ya bili, na majani yake na miiba yake.

Wakishindwa, Bibi anadai mji. Wakampa Houston akaikataa, akasema nipeni mji wenye bahari na madafu. Wakampa Mombasa. Akaenda Mombasa, akala, akanywa, akasifiwa na watu wote, akarudi na jibu. Mimi nilicheza hivyo utotoni na sikuwahi kufikiria kuwapa wanangu. Siku ya pili yule mkubwa wa pacha akatega cha kwake: "Ana shingo, ana mdomo, leo hasemi." Jibu: bomba la jikoni. Lilikuwa limeganda kweli. Bibi akampa mji mwenyewe bila kudaiwa, akampa Tanga.

(Kuhusu bomba: usiku acheni maji yadondoke kidogo kidogo na mfungue milango ya kabati la chini ya sinki, joto la chumba liyafikie mabomba. Letu la jikoni halikupata huduma hiyo kwa sababu maji ya jengo zima yalipungua nguvu mapema.)

Bibi wa Buyenzi, Montreal
Wanangu, mimi nitawapa ya zamani. Januari 1998. Mvua ile ilianza kama tarehe 5 na ikarudi na kurudi karibu wiki nzima. Huku Quebec peke yake watu zaidi ya milioni 3 walikuwa gizani, minara mikubwa ya chuma ya umeme ilipinda na kulala chini. Sehemu za kusini mwa Montreal, Saint-Hyacinthe, Granby, Saint-Jean, watu waliziita pembetatu nyeusi, na wengine kule walikaa mwezi bila umeme. Jeshi liliingia barabarani, askari wanagonga mlango kwa mlango kuuliza kama mko wazima.

Nami nilikuwa nimetoka Bujumbura, vita bado iko masikioni. Usiku miti ilikuwa inavunjika. Tawi lenye barafu likikatika linalia kama risasi, kisha kimya, kisha lingine. Mwanangu wa kiume alikuwa anaingia chini ya kitanda. Nilimchukua dirishani mchana, nikamwonyesha tawi likivunjika mbele ya macho yake, mlio na tawi, mlio na tawi, mpaka akaamini. Usiku wake akalala juu ya kitanda.

Na ilikuwa Ramadhani. Huku Januari jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo saumu ni fupi. Lakini futari utaipikia wapi, jiko la umeme? Chini yetu alikaa mama mzee wa Kiquebec, mjane, yeye alikuwa na jiko la kuni sebuleni. Hatukuwahi kuongea zaidi ya salamu. Siku ya pili akapanda ngazi kwa kushika ukuta, akatuambia tushuke wote. Nikashuka na sufuria ya uji, tende, na mashuka yetu. Yeye alikuwa na viazi na supu ya njegere. Adhana hatukuwa nayo, redio ya betri ndiyo ilitutajia saa, na yeye alikuwa hali mpaka sisi tufungue. Nilimwambia ale, akatikisa kichwa.

Mchana alinifundisha kufuma kwa sindano mbili, mimi nikamfundisha wanangu wa kike wanavyosukwa, akashika nywele za binti yangu kwa heshima utadhani anashika hariri. Kifaransa changu kilianzia pale. Niliyofuma ilikuwa skafu, imepinda, na mwanangu yule wa chini ya kitanda, ambaye sasa ni baba, anayo.

Kinyozi Mstaafu, Louisville
Shikamoo Bibi. Nimesoma mara mbili.

Bibi wa Buyenzi, Montreal
Marahaba mwanangu.

Njoro, Toronto
Yetu ilikuwa Desemba 2013, siku chache kabla ya Krismasi. Wateja kama 300,000 hapa mjini walizimika, wengine mpaka Krismasi yenyewe. Sisi tulikuwa ghorofa ya kumi na tatu, lifti imekufa, jiko la umeme. Ghorofani huwezi kukaa sana: pampu zikizima, na maji yanakosekana. Tulishuka ngazi tukiwa na tochi ya simu, tukahamia kwa shangazi aliyekuwa na stima. Nyumba ya watu wanne ikawa na watu kumi na sita, chapati zikakaangwa tangu asubuhi, wanaume wakapewa kazi ya kukanda unga wapende wasipende. Ushauri wangu ni mfupi: kama kuna mtu wenu mwenye stima na njia inapitika, nenda mapema. Na ukiwa wewe ndiwe uko nayo, piga simu usingoje kuombwa.

Mlezi wa Wazee, Salem Oregon
Si wote tunakuwa nyumbani kwetu. Februari 2021, siku chache kabla ya ile ya Texas, bonde letu la Willamette lilipigwa na barafu. Mimi nalea wazee majumbani. Zamu yangu iliisha saa mbili usiku na mwenzangu wa kunipokea hakuweza kufika, hakuna gari lililopanda kilima kile. Nikabaki na babu wa miaka 91. Umeme ukazima, mashine yake ya oksijeni ikazima, nikamhamishia kwenye mtungi wa akiba na kuwapigia kampuni yao kuulizia mwingine. Wakajibu hawawezi kuahidi. Nilikuwa nasoma geji ya mtungi kila baada ya muda kwa mwanga wa simu, na sikutaka aone uso wangu.

Yeye alikuwa ametulia kuliko mimi. Maisha yake yote alikata miti msituni. Tulipoanza kusikia matawi yakivunjika akainua kidole: "Huo ni mwaloni." Kimya. "Huo msonobari." Nikamuuliza anajuaje. Akasema mwaloni unapasuka ghafla, mbao yake ngumu. Msonobari unalalamika kwanza, unatoa mlio mrefu, ndipo unaachia. Tukakaa tunasikiliza. Baada ya muda nami nikawa nabahatisha, yeye anasahihisha. Kulipokucha tulitazama nje: mwaloni wake wa uwanjani, wa miaka mingi kuliko yeye, umelala nusu. Alilia kidogo. Nikamshika mkono, nikamwimbia tenzi ninazozijua za kanisani kwetu Iringa, akaitikia kwa mguno. Mtungi mpya ulifika mchana, dereva alifunga minyororo kwenye matairi. Mungu ambariki popote alipo.

Mzee wa Kete, Nashville
Mmesema hadithi na vitendawili, hakuna aliyetaja bao. Mimi ni mtu wa Unguja, siwezi kupita kimya. Kama huna bao la mbao, chukua trei tatu za mayai, zile za dazani, mashimo sita kwa mawili. Mbili ziunge ubavu kwa ubavu, unapata safu nne za mashimo sita. Ya tatu kata vipande viwili vya mashimo manne manne, ubandike mwishoni. Tayari una mashimo 32. Kete 64: maharage makavu yanafaa, punje za mahindi ni ndogo mno kwa vidole vilivyopata baridi. Kila mmoja anaanza na sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi za kunamulia, yaani kuziingiza mchezoni moja moja. Mchezo mmoja wa watu wanaojua unakula jioni nzima, na mikono haigandi kwa sababu haitulii. Wajukuu zangu walianza kwa kunihurumia. Sasa nafungwa.

Mgeni wa Februari, Dallas
Shikamooni wakubwa. Nimefika mwaka huu na leo utabiri wa hali ya hewa unasema mvua ya kuganda kesho usiku. Nimeshachaji simu na pawabenki, nimejaza maji kwenye ndoo na beseni. Friza nifanyeje?

Mama Pacha, Dallas
Usilifungue fungue. Friza likijaa na likabaki limefungwa linashika baridi kama saa 48, friji la kawaida saa 4 tu. Na zima vitu vikubwa swichi, umeme ukirudi usije ukaviunguza. Una watu karibu?

Mgeni wa Februari, Dallas
Jirani yangu ni Mkongo wa Uvira, tumekubaliana tulale kwake, ana jiko la gesi. Nimeshakata na trei za mayai, maharage ninayo. Mzee wa Kete, nyumba ni shimo lipi?

Mzee wa Kete, Nashville
Safu ya mbele, la nne ukihesabu kutoka mkono wako wa kulia. Lichore mraba kwa kalamu, usiku msije mkagombana.