Doa la unyevu ukutani: rangi ya kuzuia maji au kubandua lipu?

kuta_nne
Wakuu habari. Ukuta wa chumbani una doa la unyevu, rangi inababuka na lipu inameguka ukiigusa. Fundi wa kwanza kasema nipake rangi ya kuzuia maji inatosha, wa pili anataka kubandua lipu yote apige upya yenye dawa. Nanunua vifaa wiki hii. Kipi bora?

mwashi_mkongwe
Bado hujasema kitu ndugu yangu. Doa liko chini au juu? Ukuta wa nje au wa kati? Upande wa pili kuna nini? Linakua mvua ikinyesha au liko vilevile hata jua likiwaka wiki nzima? Bila hayo kila mtu hapa atabahatisha.

rangi_safi
Rangi ya kuzuia maji. Kwangua, acha pakauke vizuri, piga mikono miwili. Kwangu imekaa na haijawahi kusumbua.

dada_tofali
@rangi_safi hapana aisee, usimshauri mtu hivyo. Nyumba tuliyokuwa tunakaa fundi alipaka hiyo hiyo rangi, mwanzoni ukuta ukawa mzuri kabisa, baadae ikaanza kuvimba malengelenge ukitoboa yanatoka maji, halafu doa likahamia juu pale rangi ilipoishia maana maji yamezibiwa njia ya kutokea. Kuitwa tena akaongeza rangi!! Mwisho akaja fundi bomba, akafunga koki zote za ndani akaenda kuangalia mita ya maji, bado inazunguka. Elbo (kiungo cha kona) ya bomba linalopita ndani ya ukuta ilikuwa imepasuka. Lipu imeoza, godoro lina fangasi, na mtoto anakohoa muda wote ule, kumbe ni elbo tu. Hadi leo naumia nikikumbuka.

kuta_nne
Poleni sana. Doa liko chini, usawa wa goti hivi, na juu yake kuna unga mweupe. Upande wa pili ni bafu. Mvua sijafuatilia.

mwashi_mkongwe
Bafu! Hapo ndipo pa kuanzia. Mita fanya lakini usiiamini peke yake, inaonyesha bomba linaloleta maji tu, maji machafu hayapiti kwenye mita. Kama mita imetulia, acheni kuoga humo siku kadhaa mchore mpaka wa doa kwa penseli muone kama linarudi nyuma, japo ukuta hukauka taratibu kwahiyo usikate tamaa mapema. Kagua grauti (ile ya katikati ya vigae) na silikoni kwenye kona, halafu mwaga maji yenye rangi kwenye tundu la kutolea maji uone kama yatatokea upande wa chumbani.

bwana_msingi
Unga mweupe ni chumvi, huo ni unyevu wa ardhini unapanda, DPC (tabaka la kuzuia maji juu ya msingi) haipo au imekufa. Apige sindano za kemikali za kuzuia maji chini ya ukuta.

mwashi_mkongwe
Chumvi peke yake haithibitishi, hata tofali na saruji zina chumvi, maji yoyote yakipita humo yakikauka huiacha juu. Unyevu wa ardhini mara nyingi unatembea na ukuta mzima, unapanda mpaka kama mita 1. Hebu @kuta_nne doa ni refu kufuata ukuta au la duara?

hewa_nyingi
Mbona hakuna aliyetaja mvuke? Bandika foili ukutani, ziba kingo zote kwa tepu, subiri siku 1 au 2. Ikilowa upande wa chumbani ni mvuke wa hewani, ikilowa nyuma maji yako ukutani.

bwana_msingi
Lipu imeshameguka usawa wa goti halafu mvuke? Atafute kipima unyevu amalize ubishi.

mwashi_mkongwe
Hicho nacho kikikuta chumvi kinasoma juu hata ukuta ukiwa mkavu. Kinakuambia pana unyevu, hakikuambii umetoka wapi.

kuta_nne
Ni la duara duara ila limeanza kutambaa pembeni. Bafu tunalitumia wengi kulifunga ni ngumu. Si nipake kwanza huku nachunguza?

dada_tofali
Usipake!! Ukishapaka hutaona tena doa linaelekea wapi.

rangi_safi
Apake tu, rangi zote si sawa, hiyo ya kwenu labda ilipakwa ukuta ukiwa na maji.

bwana_msingi
Na akibandua lipu apige ya chokaa, ya saruji inabana unyevu ndani.

mwashi_mkongwe
Ya chokaa kwenye tofali za saruji ya nini sasa? Hiyo ni ya kuta za mawe za zamani.

paa_bati
Samahani kwa kuingilia, langu liko kwenye dari karibu na gata na linatokea upepo ukivuma na mvua tu. Nianzishe mada yangu au niulizie hapa hapa?