Wageni wanakuja ibadani mara moja, hawarudi: tuwapokeeje?

Mlango_Wazi (mleta uzi)
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba ushauri wa vitendo. Kanisa letu bado changa, lina mwaka mmoja na nusu, tunakutana kwenye ukumbi wa kukodi, waumini kama 70. Ibada ni ya uchangamfu: hatuna liturujia (utaratibu wa ibada ulioandikwa), kusifu na kuabudu kama dakika 40, watu wanacheza, tunaomba wote kwa sauti, maombezi mwishoni. Kila Jumapili wanaingia wageni watano hadi wanane, ila wanaoonekana tena ni wachache mno. Kwa sasa wageni husimamishwa wakati wa matangazo, wanajitambulisha kwenye kipaza sauti, tunawaimbia pambio la kuwakaribisha, kisha wanajaza fomu ya ukurasa mzima. Tubadilishe nini, na tuanzie wapi?

Shemasi_wa_Zamu
Anzeni na hilo la kusimamisha. Liacheni Jumapili ijayo, msisubiri kikao. Mtu wa mara ya kwanza anataka aangalie kwanza, asiangaliwe. Akishajua atapewa kipaza sauti, dakika kumi za kabla yake hasikii chochote, anapanga atasema nini. Na yuko aliyekuja kimyakimya, nyumbani kwake hawajui kama yupo hapo; huyo mmemwanika.

Anayeongoza ibada aseme hivi tu: "Kama leo ni mara yako ya kwanza, tumefurahi umekuja. Huna haja ya kusimama. Baada ya ibada wapo wenzetu wenye beji za kijani karibu na mlango, ukiwa na swali waone." Basi.

Fomu nayo iwe kadi ya ukubwa wa kiganja: jina, namba ya simu, na "Ungependa tukutafute? Ndiyo / Hapana." Hali ya ndoa, kazi, dhehebu alilotoka, ameokoka lini, ondoeni vyote. Hayo mtu humwambia aliyemzoea.

Nuru_ya_Asubuhi
Samahani mtumishi, hapo mimi natofautiana kidogo. Wapo wanaopenda kutambuliwa. Mgeni akipita bila hata kutajwa, anaondoka akisema kanisa lile lina baridi.

Shemasi_wa_Zamu
Dada Nuru, kutambuliwa ni lazima, tena na mtu anayemwita kwa jina. Mtu mmoja kumsalimia, akakumbuka jina lake akamuaga nalo, kunamgusa kuliko makofi ya watu 70. Anayependa kusimama atasimama mwenyewe mkiwashukuru wageni. Msimlazimishe asiyetaka.

Beji_ya_Kijani
Mapokezi: kwa idadi yenu watu sita wanatosha. Wawili nje, pale mgeni anaposita kama ndipo au sipo. Wawili mlango wa ndani. Wawili ukumbini, kazi yao ni kukaa na wageni. Tengenezeni timu mbili zinazopokezana kila wiki, maana mhudumu asiyeabudu miezi mitatu mfululizo huanza kusalimia watu kwa uso wa kuchoka. Wafike dakika 40 kabla ya ibada.

Kosa linaloonekana kila mahali: pambio la kwanza likianza tu, wa mlangoni wanakimbilia ndani kucheza. Sasa mgeni, kwa kuwa hajui njia wala muda, ndiye anayechelewa. Anafika dakika ya 20, anakuta mlango hauna mtu na ndani kelele. Wa nje wabaki mpaka mahubiri yaanze.

Viti: wekeni utepe kwenye safu mbili za nyuma, pamoja na viti vya pembeni mwa njia, usitolewe mpaka nusu saa ya kwanza ipite. Wenyeji tukiachiwa tunajaza nyuma kwanza, mgeni anabaki na mstari wa mbele, jirani na spika, macho yote mgongoni kwake. Kumpeleka kwenyewe kuna namna: usimshike mkono wala usimtangulie kwa haraka. Tembea ubavuni mwake kwa mwendo wake, nyosha kiganja kilichofunguka kuelekea kiti, msubiri aketi, mwonyeshe choo kiko wapi kabla hajauliza, halafu mtambulishe kwa jirani yake. Na someni Yakobo 2 pamoja kama timu. Mgeni mwenye suti kupelekwa mbele na mwenye kandambili kuachwa ajitafutie, jambo hilo linaonywa pale waziwazi na bado linatokea Jumapili hadi Jumapili bila mtu kukusudia.

Mzee_wa_Kundi
Naongeza lililo zito zaidi kwa kanisa la aina yenu. Kukosa liturujia haina maana hamna utaratibu. Mnao, ila uko vichwani mwa wenyeji. Ninyi mnajua lini kusimama, lini kuketi, kwamba kinanda kikishuka ni maombi, kwamba sadaka hupelekwa mbele kwa kucheza. Mgeni hajui hata kimoja, na hana kitabu cha kufuatisha. Kwa hiyo kila sehemu ya ibada inapobadilika, anayeongoza atoe sentensi mbili. Kabla ya maombi ya pamoja: "Sasa kila mmoja ataomba kwa sauti yake, kama dakika tano. Kama hujazoea, keti kimya, uko huru." Kabla ya sadaka: "Hii ni kwa washirika, mgeni wetu usijisikie unadaiwa." Ahadi ya muda itunzwe: ukisema tano zikawa 25, sentensi ya wiki ijayo haitaaminiwa. Paulo aliliona jambo hili mapema, 1 Wakorintho 14: mtu wa nje akikuta wote wananena kwa lugha, atadhani wana wazimu.

Maombezi: mgeni asiitwe, asivutwe, asisukumwe kichwa. Anayekuja mwenyewe aulizwe, "Naweza kukuwekea mkono begani?" Wanawake waombewe na wanawake. Asiulizwe siri zake kipaza sauti kikiwa wazi. Na mwombaji yeyote asithubutu kumwambia mtu aache dawa za hospitali. Hilo liwe sharti la kuingia kwenye timu.

Fundi_Sauti
Wengine hawarudi kwa sababu ya masikio. Kipimo kinachotumika sana kulinda masikio kazini ni desibeli (kizio cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unakatika nusu. Kwa hiyo 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Kusifu kwa dakika 40 kwenye 100 kumeshavuka mbali. Programu ya simu itakupa makadirio. Pimeni pale wanapoketi wageni na watoto, msipimie kwenye meza ya mitambo. Inueni spika kwenye stendi zipite vichwa vya watu. Zikiwa chini, miili ya mstari wa mbele inameza sauti, fundi anaongeza ili wa nyuma wasikie, wa mbele wanaumia. Ukuta mtupu na vigae vinarudisha mwangwi, pazia nzito ukuta wa nyuma inasaidia. Ibada ikiisha, muziki ushuke kabisa, watu waweze kuzungumza.

Mwalimu_wa_Watoto
Mzazi mgeni anaamua kurudi au kutorudi kwa kuangalia mtoto wake yuko wapi. Watu wazima wawili kwenye chumba muda wote, wasiwe ndugu wala mume na mke. Mlango wazi au wenye kioo. Mtoto apewe namba kifuani, mzazi apewe namba hiyohiyo, na mtoto asitoke bila namba kulingana, hata anayemfuata akijiita shangazi. Andikeni mzio wa chakula. Mtoto akilia sana, namba yake ionyeshwe ukutani, msiitane kwa jina. Mama akitaka kukaa na mwanawe siku ya kwanza, mpeni kiti.

Mlango_Wazi
Mungu awabariki sana. Na kuwafuatilia je? Sasa hivi namba zote za wageni tunaziunga kwenye kundi la WhatsApp la kanisa.

Shemasi_wa_Zamu
Hapana, acheni. Mmemfungulia kila mwana kundi namba ya mtu ambaye hakuruhusu. Kadi zishikwe na mtu mmoja. Aliyeweka "Hapana" asitafutwe. Aliyeweka "Ndiyo" aandikiwe jioni ileile au Jumatatu, na yule aliyekaa naye, si mchungaji: "Habari, ni mimi tuliyekaa pamoja jana. Asante kwa kuja. Ukiwa na swali niko hapa." Msiongeze ombi la mchango wala mwaliko wa mkesha. Akijibu, endeleeni kama watu. Asipojibu, ujumbe wa pili baada ya wiki mbili, kisha nyamazeni. Akirudi mara ya tatu, mwalikeni kwenye kundi la nyumbani la watu wasiozidi 12, mwambieni linaanza saa ngapi na linaisha saa ngapi. Kwaya na zamu zisubiri, hata akiwa na sauti nzuri kiasi gani.