Chapa ya Walker wa Rockley kwenye kiti cha Windsor: ni ya fundi au ya mwenye kiti?

Kerezo:
Salamu wanajukwaa. Ninaishi Uingereza na nimenunua mnadani kiti cha Windsor (kiti cha mbao cha Kiingereza ambacho miguu na vijiti vya mgongo huchomekwa kwenye kikalio) chenye mikono, mgongo wa upinde na kikalio kinene cha mbao ya elmu. Kwenye ukingo wa nyuma wa kikalio pamegongwa herufi ndogo zilizofifia, nami nasoma “…ALKER” na kisha “ROCKL…”. Chini ya kikalio kuna “W B” peke yake, na muuzaji alishikilia kwamba huyo W B ndiye aliyekitengeneza. Je, ni kweli?

Patasi:
Ndugu Kerezo, jina la ukingoni ndilo la kushika. Huyo ni F. Walker wa Rockley, kijiji cha Nottinghamshire, ambako mafundi wa viti vya Windsor wa karne ya 19 walikuwa na desturi ya kugonga jina na mahali ukingoni mwa kikalio. Nicholson naye alikuwa Rockley hiyohiyo, na mjini Worksop walikuwako Allsop na Gabbitass. Umebahatika, kwa sababu viti vingi vya Kiingereza vya zamani havina jina lolote: mjini Paris chama cha mafundi kiliwalazimisha wanachama wake kugonga mihuri tangu katikati ya karne ya 18, lakini Uingereza haikuwa na sharti hilo, hivyo aliyegonga aligonga kwa hiari yake, kama walivyofanya Gillows, watengenezaji samani wa Lancaster. Kuhusu W B, nadhani ni fundi wa kuajiriwa katika karakana ya Walker.

Msumeno:
Hapo naomba kutofautiana na Ndugu Patasi. Kwenye viti vya sebuleni vya mwanzoni mwa karne ya 19, herufi mbili zilizogongwa kwenye fremu ya kikalio aghalabu ni za fundi wa kuajiriwa, ila viti vya Windsor vilikaa pia katika vilabu vya pombe na kumbi za watu wengi, na wenye mali waliviwekea alama visipotee.

Kerezo, zima taa za chumbani, kisha weka tochi ubavuni ili mwanga upite juu ya mbao kwa mshazari. Muhuri wa fundi ni chuma kimoja chenye jina zima, kwa hiyo herufi husimama kwenye mstari mmoja na kuzama sawasawa; anayegonga herufi mojamoja huacha moja imeinama na nyingine imezama zaidi. Angalia pia rangi iliyomo ndani ya herufi: ikiwa nyeupe kuliko mbao inayozizunguka, ziligongwa baadaye. Nakusihi usipige msasa wala kupaka dawa ya kung’arisha kabla ya hapo, maana chapa ikifutika haina namna ya kurudi.

Kerezo:
Nashukuruni sana. Kwa tochi, herufi F imejitokeza mbele ya WALKER, na jina lote limenyooka. W imezama kuliko B, B imeinama kushoto, na ndani ya herufi hizo mbili mbao ni nyeupe, ilhali sehemu yote ya chini ya kikalio imekuwa nyeusi kwa umri.

Patasi:
Basi Ndugu Msumeno yuko sahihi. Herufi hizo ziligongwa muda mrefu baada ya kiti kutoka karakanani, kwa hiyo W B yaelekea ni mmoja wa waliokimiliki. Kwenye kumbukumbu zako andika F. Walker.