Namba za kata na aina za vituo vya maji: CSV, GeoPackage, PostGIS au rejista kamili? Tulinganishe

RamaniYaKitaa:
Wakuu habari za muda huu. Naomba tulinganishe hapa maana nimezunguka sana na kila mtu anasifia chake tu. Sisi ni timu ndogo, tunakusanya data za vituo vya kuchotea maji kwenye wilaya kadhaa, wengine wanatumia QField (programu ya ramani ya kwenye tableti), wengine KoboToolbox (fomu za kukusanya data), kuna wadau wao ni Excel mpaka kufa, na mwisho wa mwezi vyote vinatakiwa vikae kwenye ramani moja. Ramani yenyewe haina shida, shida ni maneno na namba. Mmoja kaandika "kisima kirefu", mwingine "KISIMA KIREFU" na nafasi mbele, mwingine "bohole", mwingine "BH". Kwenye kata ndo balaa, Majengo iko Dodoma, iko Moshi, na mikoa mingine pia, mtu anaunganisha kwa jina tu bila kuangalia wilaya, unakuta pampu ya Dodoma imehamia Kilimanjaro.
Nataka orodha moja ya misimbo ambayo wote tunaisoma, iwe programu huria, bila leseni ya kulipia. Nilichoona mpaka sasa: faili la CSV (tebo ya maandishi matupu) kwenye folda ya pamoja, zile field domains (orodha za thamani zinazoruhusiwa) za GeoPackage, yaani faili moja lenye data za ramani, tebo za PostGIS, yaani databesi ya PostgreSQL inayobeba ramani, halafu kuna hawa wakubwa GeoNetwork (katalogi), Re3gistry (rejista ya misimbo) na Skosmos (ya kuonyesha misamiati). Nani katumia nini na kikamfia wapi?

Fundi_Databesi:
PostGIS mkuu, maliza mjadala. Weka tebo ya aina za vituo, tebo ya maeneo, halafu tebo ya vituo vyenyewe iwe na foreni kii, yaani databesi inagoma kabisa kupokea msimbo ambao haupo kwenye orodha mama. Ukija na "bohole" unarudishwa mlangoni. CSV haiwezi kukufanyia hivyo, CSV inapokea chochote utakachoandika.
Ila usidanganyike na ENUM za PostgreSQL, yaani orodha ya thamani iliyofungwa kwenye aina ya kolamu. Zinavutia mwanzoni kwa sababu ni mstari mmoja tu, lakini thamani ukishaiongeza huwezi kuifuta, unaweza kuibadilisha jina basi, ukitaka kuitoa ni kutengeneza aina mpya na kuhamisha kolamu nzima. Tebo ya kawaida unaongeza maelezo, unaongeza jina la Kiswahili na la Kiingereza, unaongeza tarehe, kesho ukitaka kolamu nyingine unaweka. Kwa orodha ambayo watu watabishana nayo kila robo mwaka, na aina za vituo vya maji watabishana tu, usitumie ENUM.

binti_wa_QField:
Kaka Fundi unaongea kama kila mtu yuko ofisini na intaneti ya faiba 😂 Vijana wetu wako kijijini, tableti haijaona mtandao tangu asubuhi, hiyo foreni kii itamgomea nani? Itagoma jioni wakati wa kusinki, na kijana ameshatoka kijijini, hawezi kurudi kuuliza kile kilikuwa kisima kifupi au chemchemi iliyojengewa.
Kwangu kinga inaanza kwenye fomu. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta inayoandaa projekti za QField, kuna njia mbili za kuweka orodha kwenye fomu na watu wanazichanganya. Value Map inahifadhi orodha ndani ya projekti yenyewe, kwa hiyo ukiwa na projekti tano una orodha tano, na hapo ndo zinaanza kutofautiana taratibu bila mtu kujua. Value Relation inasoma kutoka kwenye tebo nyingine iliyo ndani ya projekti, ukibadilisha tebo, fomu imebadilika. Chukua ya pili. Na inakubali kichujio, unaandika "wilaya_id" = current_value('wilaya_id') basi mtu akichagua wilaya ya Moshi anaona kata za Moshi peke yake, habari ya Majengo ya Dodoma imeisha. Na kwenye QField inafanya kazi hivyo hivyo, mradi ile tebo ya orodha uisafirishe pamoja na data, watu wanaisahau kwa sababu haina ramani.

RamaniYaKitaa:
Asante dada. Na zile field domains za GeoPackage je? Nimeona kwenye QGIS mpya unaweza kuzitengeneza pale pale kwenye Browser.

binti_wa_QField:
Ndio, kuanzia 3.26. Ni nzuri kwa sababu orodha inasafiri ndani ya faili, ukimtumia mtu .gpkg anaifungua na orodha ya kuchagua inakuja yenyewe bila projekti. Lakini elewa kitu kimoja, ile ni maelezo tu yaliyoandikwa kwenye tebo za ndani za GeoPackage, SQLite, databesi iliyo ndani ya faili hilo, haikulazimishi. Mtu akiingiza kwa skripti au kwa programu isiyosoma domain, takataka inaingia kama kawaida. Mimi naitumia kwa orodha fupi zisizobadilika, kama hali ya pampu: inafanya kazi, inafanya kazi kwa shida, haifanyi kazi. Kata siweki humo hata kwa dawa.

MzeeWaKatalogi:
Vijana salaam. Naona mmerukia fomu kabla ya kujiuliza hizi orodha zinatumika na nani. Kama ni timu yenu peke yenu, tebo zinatosha. Kama kesho halmashauri nayo inataka kutumia misimbo hiyo hiyo, na chuo, na shirika jingine, basi mnahitaji mahali ambapo kila msimbo una anwani yake ya kudumu kwenye wavuti, mtu anaifungua anasoma maana yake, nani aliuweka, lini, na bado unatumika au umestaafishwa. Hiyo ndo kazi ya rejista. Re3gistry ilitengenezwa na JRC, kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya, kwa ajili ya INSPIRE, mpango wao wa data za ramani, ni huria kwa leseni ya EUPL, na inafuata utaratibu wa ISO 19135, kiwango cha kuendesha rejista, ambapo kitu hakifutwi, kinabadilishwa hali tu: halali, kimepitwa na kingine, kimestaafu.
Kuhusu GeoNetwork niwasaidie maana naona watu wanaitegemea kwa kitu ambacho si kazi yake. Thesauri zake (orodha za maneno yaliyopangwa), unazipandisha kama SKOS, muundo wa kuandika misamiati kwenye wavuti, ni za kuelezea seti za data kwenye katalogi, yaani yale maneno muhimu kwenye metadata (maelezo kuhusu data). Haitakagua safu moja moja ya vituo vyako vya maji. GeoNode, jukwaa la kushirikishana ramani, ni hivyo hivyo, unapakia thesaurus na inasaidia watu kutafuta leya, lakini haimzuii mtu kupandisha shapefile yenye "BH" ndani. Ile Climate Risk Database ya Resilience Academy pale Dar iko juu ya GeoNode, ingieni muone maneno muhimu yanavyosaidia kutafuta, ndo matumizi yake hayo.

Fundi_Databesi:
Mzee shikamoo. Sikatai, lakini Re3gistry inataka Java, PostgreSQL na Solr (injini ya kutafuta), na mtu wa kuviangalia vyote vitatu. Jamaa amesema timu ndogo. Seva ikizima Ijumaa jioni nani anaiwasha? Mtaishia na rejista nzuri ambayo haifunguki na watu wanarudi kwenye Excel kimya kimya.

MzeeWaKatalogi:
Marahaba. Hapo sibishi, ndo maana nimesema "kama". Skosmos ni nyepesi kidogo, ya Maktaba ya Taifa ya Finland, lakini nayo inahitaji databesi ya Fuseki nyuma yake na ni ya kusoma tu, kuhariri unafanyia kwenye programu nyingine, mfano VocBench. Ila msiidharau SKOS yenyewe hata kama hamtafunga seva yoyote. Wazo lake moja chukueni bure: kila dhana ina jina moja kuu kwa kila lugha na majina mbadala mengi. Hizo "bohole" na "BH" msizifukuze, ziwekeni kama majina mbadala ya msimbo mmoja. Na kabla hamjabuni maneno ya umwagiliaji au mifugo tazameni AGROVOC, msamiati wa kilimo wa FAO, ina Kiswahili ndani yake, sio kila kitu lakini kipo.

Kaunti047:
Sasa wadau, salamu kutoka Nairobi. Mimi niongezee tu stori ya sifuri maana naona hakuna ameitaja. Huku kaunti ni 47 na zina namba, Mombasa ni 001, Nairobi ni 047. Ukifungua CSV kwa Excel halafu useve, 001 inakuwa 1, ukirudi QGIS join (kuunganisha tebo kwa msimbo) inakataa na unaanza kulaumu ramani. Namba ya eneo si ya kujumlisha, ni maandishi, iwe text kila mahali. Kwa QGIS ukiingiza CSV toa ile tiki ya kutambua aina za kolamu, ama uweke pembeni faili la .csvt linalotaja aina za kolamu. Na hii ndio sababu napenda P-codes, misimbo ya maeneo ya OCHA (ofisi ya misaada ya Umoja wa Mataifa), kwa mambo ya kubadilishana na mashirika, zinaanza na herufi, KE001 hadi KE047, Excel haiwezi kuila hiyo sifuri. Nyinyi wa Tanzania zenu zinaanza na TZ, ziko HDX, tovuti ya data ya OCHA, chukueni msijitengenezee zenu.

Shehia_Unguja:
Assalaam aleikum. Ndugu zangu na sisi mtukumbuke. Mkitengeneza tebo yenye kolamu inayoitwa "kata" tayari mmetutoa nje, huku Zanzibar kuna mkoa, wilaya, halafu shehia. Bara mna mkoa, wilaya, kata, mtaa au kijiji, na mjini na vijijini havifanani. Halafu kuna halmashauri, wilaya ya Moshi moja ina Manispaa na ina Halmashauri ya Wilaya, sasa data ya maji imeandikwa kwa ipi? Fanyeni tebo moja ya maeneo, kolamu ya "ngazi" na kolamu ya "mzazi", kila eneo linaelekeza kwa mzazi wake. Ngazi ikiongezeka hamvunji tebo, mnaongeza safu tu.

RamaniYaKitaa:
Hii ya ngazi na mzazi nimeipenda sana. Sasa swali linaloninyima usingizi: maeneo yanayogawanywa. Songwe ilitoka Mbeya 2016, Ubungo ilitoka Kinondoni. Nina data za zamani zenye namba za zamani. Nifanyeje, nizibadilishe zote?

Fundi_Databesi:
Usiguse data ya zamani! Iliandikwa kwa mipaka ya wakati ule, iache hivyo. Angalia Kinondoni: sensa ya 2012 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.7, 2022 iko chini ya milioni moja. Mtu asiyejua akichora grafu atasema watu wameikimbia Kinondoni, kumbe Ubungo imechukua nusu. Jina lile lile lakini eneo si lile. Kwa hiyo kwenye tebo ya maeneo weka "inaanza" na "inaisha", Kinondoni ya kabla ya mgawanyo safu yake na Kinondoni ya baada safu yake, kila moja na msimbo wake wa ndani. Halafu tebo ndogo ya pembeni, kolamu mbili tu, zamani na mpya, kwa sababu eneo moja linaweza kuzaa mawili na huwezi kuyabana kwenye kolamu moja ya "mrithi".
Na hapa natofautiana kidogo na Kaunti047. P-codes zimebeba mkoa ndani ya namba, namba ya wilaya inaanza na namba ya mkoa. Wilaya ikihamishiwa mkoa mpya, namba yake inabadilika hata kama wilaya yenyewe haijasogea hata hatua. Mimi ndani natumia msimbo usio na maana yoyote, P-code naiweka kwenye kolamu ya pembeni kwa ajili ya kubadilishana na watu wa nje.

Kaunti047:
Fair, hiyo naikubali. Huku kwetu mipaka ya kaunti haijasumbuka hivyo ndio maana sijaona hiyo shida sana. Lakini msimbo usio na maana mtu wa uwanjani atausoma aje? Yeye anataka kuona jina.

binti_wa_QField:
Hauoni msimbo kabisa, Value Relation inamwonyesha jina na inahifadhi msimbo. Na weka kichujio cha "inaisha" iwe tupu, maeneo yaliyostaafu yasitokee kwenye fomu ila yabaki kwenye tebo.
Kwa Kobo ni hadithi ile ile, tumia select_one_from_file, orodha inakuwa CSV inayoambatana na fomu, na choice_filter inafanya kazi ya wilaya na kata. CSV hiyo usiiandike kwa mkono, itoe kutoka PostGIS kwa skripti kila orodha inapobadilika, vinginevyo unakuwa na orodha mbili tena.

RamaniYaKitaa:
Basi naona picha inakuja. PostGIS iwe mama, tebo za maeneo, aina, majina mbadala na ile ya zamani na mpya, humo natoa GeoPackage ya QField na CSV ya Kobo. CSV hizo hizo naziweka pia GitHub ili mdau wa nje aone kilichobadilika lini. Re3gistry naiacha kwanza. Wale wa Excel nitawapitisha kwenye tebo ya majina mbadala, kisicholingana kinarudi kwao kikiwa na rangi nyekundu. Swali la mwisho, nani anaruhusiwa kuongeza msimbo mpya? Maana kila mtu kwenye timu anataka kuongeza.

MzeeWaKatalogi:
Mmoja. Wengine wanaomba kwa maandishi: jina, maelezo ya mstari mmoja, na kwa nini uliopo hautoshi. Maombi mengi yatakufa kwenye hilo la tatu.

Shehia_Unguja:
Na huyo mmoja akienda likizo awepo wa pili mwenye nywila 😅

Fundi_Databesi:
Kwenye databesi mpe yeye tu ruhusa ya INSERT na UPDATE kwenye tebo za orodha, wengine SELECT. DELETE asipewe mtu yeyote, hata yeye. Nikipata muda jioni nitaweka hapa SQL ya tebo ya maeneo, mniambie kama ile ya shehia imekaa sawa.

Shehia_Unguja:
Iweke, nitaijaribu na shehia za Mjini Magharibi.