Kuacha kazi ili kuishi kwa poka: kodi ya nyumba itatoka wapi?

Wakuu, swali lililotufikia nalirudia kama mwenyewe alivyolieleza. Ana ajira, na mwishoni mwa wiki anacheza poka, mchezo wa karata wa kuwekeana pesa, kama saa kumi kwa wiki. Huu ni mwezi wa nane tangu aanze, na akijumlisha alichopata na alichopoteza yuko kwenye faida. Amepiga hesabu kwamba angecheza saa arobaini kwa wiki, faida hiyo ingeupita mshahara wake. Barua ya kuacha kazi ameshaiandika. Aipeleke?

Majibu yamegawanyika. Kuna waliomwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Wengine wakamjibu kwamba mshika mbili moja humponyoka, basi kazi aiachie. Na kuna waliosema kamari ni haramu, mjadala umekwisha. Hao wa mwisho nawaheshimu, na anayeamini hivyo hana haja na hesabu zangu. Mimi nazungumza na yule ambaye kwa imani yake na kwa sheria za anakoishi mchezo huu anaruhusiwa, na amekwisha kudhamiria kuondoka kazini.

Nasema asiipeleke hiyo barua.

Sisemi hivyo kwa kuwa poka ni bahati tupu. Ujuzi upo, tena mkubwa. Januari 2017 programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza migao 120,000 dhidi ya wanaume wanne wanaoishi kwa poka, ikawashinda wote wanne. (Kwa wasioujua mchezo, mgao ni duru moja, toka karata zinapogawiwa hadi mmoja anapozoa zilizoko mezani.) Mchezo wa bahati tupu hauwezi kuzaa matokeo ya namna hiyo. Kwa hiyo anayesema "ni sawa na kurusha shilingi" hamsaidii ndugu yetu, kwa sababu mwenyewe anajua si kweli, na akishasikia hivyo haendelei kusikiliza.

Tuanze na daftari lake. Saa kumi kwa wiki kwa miezi minane ni kama saa 350. Ukicheza ana kwa ana unapata kama migao 30 kwa saa, kwa hiyo amecheza migao kama 10,500. Inaonekana mingi. Sasa tupime kwa madau, nikimaanisha lile dau kubwa la lazima linalowekwa kabla karata hazijagawiwa. Mchezaji mzuri wa Texas Hold'em, aina ya poka inayojulikana zaidi, tumpe wastani wa faida ya madau 5 kwa kila migao 100. Lakini kupanda na kushuka kwake kwa migao hiyo hiyo 100 ni kama madau 90. Ukiikokotoa kwa migao 10,000 utakuta kwamba kati ya wachezaji kumi wenye ujuzi huo wa kweli, karibu watatu watamaliza wakiwa na hasara. Igeuze hesabu upande wa pili: kati ya wachezaji kumi wasio na faida yoyote ya ujuzi, karibu watatu watamaliza na faida inayofanana kabisa na ya mchezaji mzuri. Ndugu yetu anaweza kuwa yeyote kati ya hao. Miezi minane haijatuambia.

Haya, tumkubalie kwamba ni mzuri kweli. Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize, maana jambo hili sikulijua nilipoacha kazi mwenyewe.

Chukua mtaji wa madau 3,000, ambao wengi wangeuita mtaji wa kutosha. Kwa ile faida ya 5 kwa migao 100, kama hagusi mtaji huo kwa matumizi ya nyumbani, uwezekano wa kufilisika ni kama mmoja kati ya 40. Ni hatari ambayo mtu anaweza kuishi nayo. Sasa ameacha kazi. Kodi, chakula, ada za watoto, nauli, vyote vinatoka kwenye mtaji ule ule. Tuseme matumizi yanakula madau 3 katika kila 5 anayopata. Mtaji unabaki kukua kwa 2 tu, na uwezekano wa kufilisika unaruka hadi zaidi ya mmoja kati ya watano. Akila yote matano, kufilisika ni suala la lini tu. Karata ni zile zile na wapinzani ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba mshahara umeondoka.

Ndiyo maana hesabu yake ya "saa arobaini badala ya kumi" inaniogopesha. Ameizidisha faida mara nne na akasahau kwamba mshahara ndio uliokuwa unaulinda mtaji wake. Wiki mbaya ilipopita, tarehe ya mshahara ilifika, nyumbani kukaendelea kama kawaida, na mtaji ukapumzika mpaka kadi zikageuka. Hiyo ni kazi ambayo mshahara wake umeifanya kimya kimya kwa miezi yote minane bila yeye kuihesabu.

Wanaomshawishi wamemtaja Chris Moneymaker, na hilo jina kila mcheza poka analijua. Mwaka 2003 aliingia World Series of Poker, shindano la kiingilio cha dola 10,000, kwa kufuzu kupitia shindano dogo la intaneti, akawapiku wenzake katika kundi la washiriki 839 na kuondoka na dola milioni 2.5. Ni kweli tupu. Ila alipokuwa anacheza siku zile alikuwa mhasibu mwenye ajira. Hakuacha kazi kwanza ndipo akashinda. Na mwaka 2006 shindano hilo hilo lilivuta watu 8,773. Bingwa alikuwa mmoja.

Mimi niliacha kazi. Niliishi kwa poka miezi kumi na minne, na kuna mgao mmoja bado nauona. Mezani pesa zilizokusanyika zilikuwa madau 60. Kati ya karata tano za mezani ambazo kila mchezaji anazitumia, tatu za mwanzo ziko wazi, mbili zake ni kopa, na mkononi nina kopa mbili, moja ikiwa ree. Mpinzani akasukuma 30, zote alizobakiwa nazo. Nikilipa 30 nagombania jumla ya 120, kwa hiyo nikishinda mara moja kati ya nne pesa yangu imerudi. Nikipata kopa ya tano, karibu hakika nashinda. Kopa tisa zimebaki kati ya karata 47 nisizoziona, na zinakuja karata mbili: uwezekano wa kuipata ni kama asilimia 35. Anayejifunza poka wiki ya pili analipa pale bila kuvuta pumzi. Mimi nilizitazama zile 30 nikaona kodi. Ilikuwa tarehe 27. Nikatupa karata.

Kulipa pale kulikuwa na faida ya wastani ya kama madau 12. Nikaiacha mezani kwa woga, na baada ya hapo nikaanza kufanya hivyo kila mwisho wa mwezi. Wenzangu wa mezani waligundua kabla yangu. Walikuwa wananitisha kwa karata tupu kuanzia tarehe 25, na mimi nakimbia. Ujuzi haukupungua hata kidogo, ila sikuwa na uwezo wa kuutumia tena.

Mambo mengine nitayataja upesi. Ukumbi au tovuti kwa kawaida hukata chake kwenye pesa zilizoko mezani, ashinde nani. Bima na pensheni zinaondoka na ajira. Benki ikikuuliza kipato chako, utakuwa na kazi ya kueleza. Na anayetegemea poka ya intaneti akumbuke tarehe 15 Aprili 2011, Marekani ilipofungua mashtaka dhidi ya waliokuwa nyuma ya tovuti za poka za PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker. Wachezaji wa huko waliokuwa na pesa zao Full Tilt walianza kulipwa mwaka 2014. Mwenye mshahara alikasirika akasubiri. Asiye na mshahara alisubiri na nini?

Kuna mchangiaji aliyesema jambo la maana, nami nalikubali: mwenye ajira anafika mezani amechoka, na hana muda wa kujifunza wakati wapinzani wanasoma kila siku na meza zinazidi kuwa ngumu. Ni kweli, na linauma. Lakini dawa yake si lazima iwe kuacha kazi. Kama mwajiri anaruhusu, omba likizo bila malipo ya miezi mitatu, tenga pesa ya matumizi ya miezi hiyo kando kabisa na mtaji, kisha ucheze saa arobaini kwa wiki. Utapata migao kama 15,000. Bado haithibitishi ujuzi wako, lakini utajua mwili na akili vinafanya nini Jumatano ya wiki ya sita ukiwa umepoteza siku nne mfululizo. Hilo wikiendi hazikuonyeshi.

Na kama mtu ana akiba ya matumizi ya miaka miwili isiyochanganywa na mtaji, ana daftari la migao mingi mara kumi ya hii, na hana anayemtegemea? Huyo singemzuia. Nimekutana na wawili wa namna hiyo mezani, na wote wawili walichelewa kuacha kazi kuliko walivyotaka.

Mdogo wangu uliyeuliza, tuandikie mambo mawili ambayo hukuyataja: mtaji wako ni madau mangapi, na matumizi yako ya mwezi ni madau mangapi. Na nyie mlioishi kwa poka zaidi ya miaka mitatu, semeni bila kuficha: mwezi wa hasara, pesa ya nyumbani mliitoa wapi?