Ruto tena 2027, mpinzani, au nisipige kura kabisa? Naomba tulinganishe

Mpigakura wa Foleni
Wenzangu, nilimpigia William Ruto, rais wetu wa Kenya, kura tarehe 9 Agosti 2022, na sijawahi kulificha jambo hilo. Siku hizi jina lake likitajwa nyumbani kwangu chakula hupoa mezani, kwa kuwa mke wangu humwona kuwa mtu wa kodi tu, nami huona na mengine. Nataka kuhamisha kituo changu cha kupigia kura, lakini kabla sijapanga foleni ningependa kujua kama nina sababu ya kupiga kura. Njia ninazozilinganisha ni tatu: kumrudisha, kumpa mpinzani mwenye nguvu, au kubaki nyumbani. Naomba sababu, si matusi.

Mwalimu wa Zamu
Bwana, swali lako halijakamilika. Hujasema unahama kutoka wapi kwenda wapi, wala kama unalipwa mshahara au unajitegemea, na majibu hutegemea hayo. Mimi nafundisha shule ya binafsi kwa shilingi 60,000 kabla ya makato. Mwaka 2022 nilikatwa 1,300 za NHIF, bima ya afya ya wakati ule, na 200 za NSSF, akiba ya uzeeni. Leo nakatwa 1,650 za bima ya afya, 900 za mradi wa serikali wa nyumba ambazo sitaishi ndani yake, na 3,600 za NSSF, yaani shilingi 4,650 zaidi kila mwezi hata kabla ya kodi ya mapato. Ongeza kwamba mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, kwa hiyo nauli ya kwendea kazini nayo ikapanda. Ruto aliomba kura kwa jina la mama mboga na msukuma wilbaro, yaani watu wa kipato kidogo, na mama mboga wa mtaani kwetu ndiye aliyeacha kunikopesha, kwa sababu anajua siwezi kulipa.

Lori la Mariakani
Mwalimu, NSSF usimbandike yeye. Sheria ile ni ya mwaka 2013, ikazuiliwa na kesi hadi Mahakama ya Rufani ilipoiruhusu Februari 2023, na pesa zile ni akiba yako ya uzeeni. Mimi ni Mpwani, nami nilimpigia Raila Odinga, aliyeshindana na Ruto 2022, mara tatu mfululizo. Serikali iliyotangulia iliposhurutisha makontena yapande treni hadi Nairobi na Naivasha, malori yaliota nyasi hapa, na kina mama waliotupikia njiani wakafunga majiko. Siku ile ile alipoapishwa, tarehe 13 Septemba 2022, Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Kwa hilo moja nimebadilika. Mzee Raila alitutoka Oktoba 2025, Mungu amrehemu, na sina nadhiri na mwingine.

Mwalimu wa Zamu
Tarehe za sheria nazikubali. Hata hivyo, akiba ya uzeeni hainunui unga wa mwezi huu, na anayetekeleza sheria ndiye anayeulizwa.

Muuza Simu
Nitaeleza yaliyonipata, nanyi mtaamua yanaingia upande gani. Nilikuwa na duka la simu katikati ya Nairobi, lenye upana wa meza mbili. Tarehe 25 Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, ule ulioanza kwa kutaka hata mkate utozwe VAT, nilifunga mapema nikawagawia katoni mbili za maji. Jioni Bunge lilikuwa limevamiwa, huku watoto wa watu wamelala chini wamekufa. Kesho yake rais akasema hatautia saini, na Julai akavunja baraza lake la mawaziri, nami nikadhani tumesikilizwa. Mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo, watu walirudi mjini kuwakumbuka waliouawa. Safari hii nilikuwa nimefunga tangu jana yake na kutia kufuli mbili mpya. Nilipofika asubuhi nilikuta kaunta imepinduliwa, maboksi matupu yametapakaa hadi barabarani, na kufuli zangu mbili bado zimefungwa barabara kwenye kipande cha mlango kilichokatwa. Mali ya shilingi 740,000 ilikwenda, na nusu yake ilikuwa mkopo. Kampuni ya bima, ambayo sitaitaja, ilinifungulia ukurasa wa nne wa mkataba ikanionyesha kwamba ghasia hazimo.

Wanaomtetea rais huniambia, ndio hao uliowanywesha maji. Wanaompinga huniambia wahuni wale walikodiwa. Mimi sikumwona aliyeingia. Namlaumu rais, kwa sababu hasira ile ilizaliwa katika utawala wake, lakini nikimsikia mpinzani akiahidi kurudi barabarani tumbo hunikata. Leo hii ningebaki nyumbani.

Mkulima wa Kitale
Pole sana, dada. Huku kwetu watu hawamhukumu kwa maandamano, humhukumu kwa gunia. Mwaka 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulivuka shilingi 6,000, ruzuku ikaushusha hadi 3,500, kisha 2,500. Siwezi kudai mpango ulikuwa safi, kwa kuwa mwaka 2024 mbolea bandia iligunduliwa ndani yake, na mwenye shamba dogo akishapanda hana msimu wa pili wa kurekebisha. Vilevile dola iliyopita shilingi 160 mwanzoni mwa 2024 ilishuka hadi karibu 129 mwaka huo huo. Nitampigia, nikiwa na malalamiko yangu mfukoni.

Wakili wa Kijiji
Naomba nigusie hili la kubaki nyumbani. Mwaka 2022 Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila 6,942,930, tofauti ya kura 233,211, ilhali walioandikishwa wasiofika vituoni walikaribia milioni 8. Asilimia ya Ruto ilikuwa 50.49, na Katiba inadai zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Asiyefika haingii katika hesabu hiyo. Wala usidanganyike kwamba kuharibu kura ni kupinga, kwa maana Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa hazihesabiwi katika asilimia.

Mwalimu wa Zamu
Mkulima, dola iliposhuka bei dukani haikushuka nayo. Nawe Mpigakura, unasema mpinzani, mpinzani yupi? Kalonzo, Matiang'i na Gachagua si mtu mmoja. Huyo wa mwisho alikuwa naibu wa Ruto hadi Seneti ilipomwondoa Oktoba 2024. Na bado hujatuambia unahama kutoka wapi.

Mpigakura wa Foleni
Ninahama kutoka Molo kwenda Kitengela, ninakofanya kazi. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tulilala katika uwanja wa kanisa, mimi, mama na dada zangu, tukiutazama moshi na kukisia ni wa nyumba ya nani. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na Ruto waliposhikana mikono, majirani wa makabila yale mawili, Wakikuyu na Wakalenjin, walianza tena kuazimana majembe. Nilipompigia Ruto mwaka 2022, kura yangu ilikuwa ya majembe hayo, wala sikusoma manifesto. Sasa watu wa Mlima Kenya wamemgeukia, nami pia nimechoka na kodi. Mtasema kura ni siri, lakini kituo chetu ni kidogo na fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, hubandikwa mlangoni. Kura za upande mmoja zikiwa 11, kijiji kizima hukisia ni za nyumba zipi.

Wakili wa Kijiji
Hilo ndilo ungeanza nalo. Hamisha kituo kwanza, la kumchagua nani lina muda.

Mkulima wa Kitale
Mimi pia naikumbuka 2008. Ndiyo maana sitaki kujaribu mwingine.

Muuza Simu
Na mama je, yeye atapigia wapi?

Mpigakura wa Foleni
Molo. Amekataa kuhama. Hajaniambia atampigia nani, nami sijamwuliza.

Lori la Mariakani
Mwalimu, nami nina swali ambalo hujalijibu. Zile 3,600 zikirudishwa mfukoni mwako leo, ungempigia?