Mrejesho: kuwalea walimu wapya chekechea ya kimataifa

Wakuu, niliuliza kwa nini walimu wapya wa chekechea yetu hapa Dar hubadilika mkuu wa shule akiingia darasani. Mkashauri tutenganishe ulezi (kumsaidia mwalimu mpya ajifunze kazi) na tathmini (kumpima). Muhula umeisha, nauleta mrejesho.

Mwalimu mlezi, yaani anayemwongoza mwalimu mpya, hagusi tena fomu za tathmini ya mkataba. Anakaa dakika 15 tu wakati wa michezo ya kona (watoto wakicheza kwa vikundi kwenye kona za darasa), anaandika alichokiona na kusikia: "mwalimu ameuliza maswali 9, kati yake 7 ya ndiyo au hapana." Hakuna alama, hakuna sifa. Mazungumzo ni siku hiyohiyo, watoto wakilala mchana. Ikifika kesho, mwalimu keshasahau alisemaje. Jambo moja la kurekebisha kwa wiki mbili. Tulianza na matatu, halikushika hata moja.

Kilichotuponza ni kuwasahau wasaidizi wa darasani. Mwalimu anajifunza kumpa mtoto sekunde tano afikirie, msaidizi pembeni anamjibia! Sasa wanakaa kikao pamoja, tena kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza msaidizi alikuwa anaitikia tu. Zamu ya kulinda waliolala anaishika mkuu mwenyewe. Siku za vikao vya wazazi bado inakwama.